Paa Lisilo na Nguzo

Mwaka wa 1956, kanisa jipya la Kurasini lilikuwa kichekesho cha mji mzima. Bwana Keller, msanifu majengo kutoka Uswisi, alilichora bila nguzo hata moja ndani: paa la zege, jembamba, limejikunja toka ukuta hadi ukuta kama ganda la yai. Kisha akaenda likizo kwao, akamwachia kazi Fransis, seremala Mnyamwezi aliyepanga kila ubao uliobeba zege hilo.

Zege likakauka, siku ya kuondoa miti iliyolishikilia ikafika. Padre hakuuma maneno: paa likipasuka, zitajengwa nguzo, na Fransis atafute kazi kwingine. Vibarua nao wakagoma kuingia. Walisimama nje juani, mikono kifuani, mashujaa wa domo.

Fransis akachukua nyundo, akaingia peke yake. Aliogopa, tusidanganyane. Akaanza kuangusha miti ya katikati, kama michoro ilivyoagiza, akielekea kandoni.

Ulipobaki mti mmoja, akaingia Mwajabu, Mzaramo muuza vitumbua, na shuka jeupe kwapani. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, na mtani hafukuzwi hata msibani.

"Mtani, lala nikupime sanda!"

"Toka, Mwajabu, usije ukafa na mie!"

"Nife na Mnyamwezi? Kwetu watanizika kweli? Gonga bwana, vitumbua vyangu vinapoa!"

Fransis akacheka, akainua nyundo. Akagonga. Mti ukaanguka kwa kishindo, vumbi likatimka. Akakagua paa zima, pembe kwa pembe. Halikuwa na ufa hata wa unywele.

"Uuuwi! Fransis wangu, kafa angali hai!" Mwajabu akaangua kilio cha utani. Sauti ikapanda, ikazunguka paa, ikarudi nzito na tamu. Akashtuka. Kisha akapiga kigelegele kwa nguvu zake zote.

Padre akaja mbio, vibarua nyuma yake.

"Hao wanawake wote wako wapi?"

"Wanawake gani, Baba Padre? Ni mie na paa la fundi wako."

Padre akavua kofia, akatazama juu kwa muda mrefu. Akampa Fransis mkono mbele ya wote.

"Nguzo hatujengi," akasema.

Vibarua wakambeba Fransis juu juu. Alilia hadharani, wala hakuona haya.