Nyongeza ya Kaunta ya Kumi na Nne

Jumatatu ya kwanza ya Machi 1998, Léocadie aliketi kwenye kiti cha kaunta ya kumi na nne, ndani ya duka kubwa la Tottenham. Alivaa sare ya kijani iliyombana kwapani. Kibandiko kifuani kilisema Janet, jina la mwenzake aliyeacha kazi, hadi hapo chake kitakapokuwa tayari. Chake hakikuwa tayari mwezi huo, wala mwaka huo.

Kabla ya hapo alikuwa ameuza miaka minne kwa Mzee Dhiren, West Green Road, kwenye kiduka ambacho wateja wawili wanene wasingepishana ndani. Kulikuwa na unga wa mahindi, dagaa, na magunia ya maharagwe yaliyokunjwa midomo. Dhiren alizaliwa Kisumu na Kiswahili chake kilibaki cha huko. Alimfundisha jambo moja tu, nalo Léocadie alikuwa analijua tangu soko la Kadutu, Bukavu: mizani ikishatulia, unatia konzi moja juu. Hiyo ndiyo nyongeza. Haipimwi, na mtu akishaipokea hairudishi.

Hawakuachana kwa ugomvi. Wakili aliyeshughulikia karatasi zake za ukimbizi alitaka barua ya ajira, na ile ya Dhiren, iliyoandikwa kwa mkono kwenye karatasi ya daftari, ilirudishwa.

"Enda tu, Mama Shekinah," Dhiren alimwambia. "Hao wako na barua ya nembo. Mimi niko na kalamu."

Kazi ya duka kubwa haikuwa ngumu, ilichosha tu. Kitu kinapita juu ya kioo, mashine inalia, kitu kinakwenda zake. Kwa Dhiren alijua goti la nani linauma na mtoto wa nani amefeli. Hapa aliruhusiwa kuuliza kama mteja anataka mfuko, basi. Lakini mkono wake wa kulia ulikuwa na mazoea yake. Kila mteja alipomaliza, ulichota hewa pembeni ya mashine na kuitia kwenye mfuko wa mteja.

Kufikia Ijumaa wateja walikuwa wanakuta vitu nyumbani: konzi ya dengu, kitunguu, dagaa kumi na wawili. Hakuna aliyelalamika. Nani ataacha shughuli zake aje kulalamikia dagaa? Walirudi tu, wakapanga foleni kaunta ya kumi na nne, hata zile za jirani zilipokuwa tupu.

Msimamizi, Douglas, alihesabu bidhaa mara mbili. Hakuna kilichopungua dukani, kwa hiyo hakuna aliyekosa. "Endelea hivyohivyo, Janet," alisema, akaibandika picha ya Léocadie mlangoni.

Mwezi wa Mei mwanamke mmoja alifungua mfuko wake palepale. Kitunguu chake kilikuwa kimefungwa kwa kipande cha gazeti la Kigujarati. Tottenham nzima ni mtu mmoja tu aliyefunga vitunguu hivyo.

Jumamosi Léocadie alikwenda kwa Dhiren. Magunia yalikuwa yamelegea, na Dhiren alikuwa amekaa peke yake akisoma gazeti lililobaki.

"Papa Dhiren, njo miye, ni huu mukono wangu unachukua."

"Najua. Dagaa inaanza kutoka saa nne asubuhi, ukiingia kazi. Saa saba inapumzika, unakula." Alikunja gazeti. "Nyongeza lazima itoke mahali. Hao hawana, so inatoka hapa."

"Nitafunga huu mukono."

"Jaribu."

Aliufunga kwa kitambaa, akasema umeteguka. Siku mbili mkono wa kushoto ukawa umejifunza. Akaomba ahamishiwe rafu za sabuni. Douglas akakataa, kaunta yake ilikuwa inakwenda vizuri. Akamuuliza wakili kuhusu kuacha kazi. Wakili akasema asithubutu kabla jibu halijafika. Basi akabaki. Aliona aibu, tena aibu nzito, na kila asubuhi aliamka akaenda nayo kazini.

Duka la Dhiren lilikwisha mwezi wa Novemba. Maharagwe yalitangulia, ukafuata unga, kisha jiwe la mizani la ratili moja, ambalo mteja mmoja analitumia mpaka leo kuzuia mlango. Kaunta ya kumi na nne iliendelea kutoa. Safari hii Léocadie hakuuliza vitu vinatoka wapi, maana alikuwa amechoka.

Alhamisi moja Dhiren alisimama kwenye foleni yake akiwa na pakiti ya chumvi. Léocadie aliukalia mkono wa kulia. Alipitisha chumvi kwa wa kushoto, taratibu, akaitia mfukoni, na wa kushoto nao ukachota hewa.

Dhiren alichungulia mfuko. Akatoa konzi ya maharagwe, yamelowa, yamevimba.

"Hii si yangu," alisema. "Yangu ilikuwa kavu."

Léocadie alikuwa ameloweka maharagwe asubuhi ile, kwenye beseni jekundu, kabla hajampeleka Shekinah shule. "Ni ya kwangu, papa," alisema.

Mzee alibaki amenyoosha kiganja, maji yakimtiririka mkononi. Nyuma yake mtu alikohoa. Alitaka kurudisha, ilionekana wazi, lakini mwenye kuweka sharti la kutorudisha alikuwa yeye mwenyewe.

"Asante, mama," alisema.

"Aksanti, papa."

Akatoka nayo. Léocadie akamwita anayefuata, akamuuliza kama anataka mfuko.

Jioni, beseni lilikuwa na maji matupu. Shekinah, mwenye miaka tisa, aliuliza kwa Kiingereza watakula nini, na mama yake akajibu kwa Kiswahili kwamba watakula mkate. Jibu la karatasi lilikuwa bado halijafika. Alikata mkate uliobaki vipande viwili, akaviweka kwenye sahani ya mtoto. Kisha mkono wa kulia ukanyanyuka wenyewe, ukachota hewa juu ya meza, ukaitia kwenye sahani.

Wote wawili walitazama. Vilikuwa vipande viwili vilevile.