Alivyokula Zakia

Twahir, dereva wa watalii, ndiye aliyetuletea neno devour hapa Kaloleni. Jioni moja, kwangu kumejaa watu kama kawaida, alimwona mume wangu anavyoyashambulia makande akacheka mpaka machozi. Akasema Waingereza wana kitenzi cha ulaji huo: kula kwa njaa kali, kufakamia, kama mnyama aliyepata windo. Wamekitoa kwa Wafaransa, nao kwenye Kilatini, ambako asili yake ni kumeza tu. Basi mtaa mzima tukalifanya neno letu, kutaniana kutwa: fulani anadivaa.

Mwaka uliofuata koo la Twahir liliota uvimbe. Miezi mitano alilishwa uji kwa mpira, mkewe Zakia habanduki pembeni. Akafariki.

Siku ya tatu ya msiba niliingia stoo kutafuta sinia, nikamkuta Zakia amechuchumaa nyuma ya mapipa, anakula pilau kwa mikono miwili, anameza hata hatafuni. Hakuniona. Nami, Mungu anisamehe, mdomo huu haujawahi kulala na habari. Nikawanong'oneza wanaomenya vitunguu kwamba mjane anadivaa. Tukacheka, kwa neno la marehemu, uani kwake.

Kabla ya alasiri habari ilishamfikia Mwamvua, dada wa marehemu, aliyetoka Kondoa. Akamfuata Zakia pale mkekani, mbele za watu.

"Wifi, udongo wa kaka yangu haujakauka, wewe unafakamia pilau?"

Zakia hakuinua uso. "Tangu ashindwe kumeza sikupika humu ndani, wifi. Akisikia harufu ya kitunguu analia. Nilikuwa nakunywa uji unaobaki kwenye kikombe cha kumlishia, tena kwa kujificha. Leo ndiyo siku ya kwanza sina wa kumficha."

Mwamvua alikaa chini palepale akalia. Akaagiza sahani iletwe. Zakia akaisogeza pembeni.

Eda imekwisha. Namwalika kwangu, haji. Nimemwomba radhi mara mbili. Anasema yamepita, jirani, kisha anaulizia watoto. Nikimpelekea chakula anapokea mlangoni, anashukuru, na asubuhi bakuli linarudi limeoshwa. Amezidi kukonda. Na mimi, ninayejua ya kila nyumba mtaa huu, sijui kama anakula.