Nyumba ya Vigae vya Buluu

Gauni la ubatizo la mdogo wangu Opal liliingia kijitoni likiwa jeupe, likatoka na rangi ya kutu. Mama alilifua kwa maji ya kisima chetu, na kisima kikalimalizia. Akalianika vilevile barazani, mahali ambapo kila gari lililopanda kwenda mgodini lingeliona.

Hatukuwa watu wa kulalamika. Bonde letu la Sarvis liliishi kwa makaa ya mawe tangu enzi za mababu, na mtu hatukani chungu kinachompikia. Lakini bomba la mgodi lilimwaga kijitoni mchana kutwa maji machachu ya rangi ya chungwa, na kila jiwe chini yake likavaa utelezi. Samaki walitangulia kutoweka. Kisha birika la mama likatoboka. Kisha mama mwenyewe akaanza kushika tumbo baada ya kila kikombe, akisema ni uzee, naye hajafika hamsini.

Ofisi ya jimbo ikasema maji yapimwe. Yakithibitika kuwa mabaya chini ya bomba, mgodi utalazimishwa kutuvutia maji ya mji hadi milangoni. Chupa za maabara zikaletwa, na kanisa zima likamchagua mjomba Arvil, kaka yake mama, azijaze. Nani mwingine? Alikuwa shemasi wetu. Ndiye aliyemshika Opal mkono wakiingia majini. Kila Jumapili alikuja kuketi barazani kwetu, chupa yake ya kahawa kwapani, akimwombea mama apone.

Kukijua kijito nilifundishwa naye. Nilipokuwa mdogo, kabla ya bomba kuwapo, alinipandisha hadi kwenye magofu ya kiwanda cha vioo, ambako vigae vya buluu bado hung'aa mchangani. Akageuza jiwe, akaniwekea kiganjani kidudu mfano wa punje ya mchele, kimejifungia ndani ya mrija wa changarawe. Tulimwita mwashi, na tulimtumia kama chambo.

"Huyu hujenga kwa anachokikuta mlangoni," mjomba aliniambia. "Tazama." Kati ya changarawe zilikuwamo chembe za kioo cha buluu. "Ukimwona, kunywa maji bila hofu. Usipomwona, rudi nyumbani na kiu yako."

Majibu yalisomwa ukumbini chini ya kanisa, kati ya sufuria za maharage na mikate ya mahindi. Bi Pruitt wa maabara alisimama na karatasi yake. Uchachu, madini ya chuma, vyote vimo ndani ya kiwango, alisema. Maji ni salama.

"Basi mwambie birika la Lorene liache uongo," mzee Hobart alisema, na watu wakacheka. Mama, ambaye ndiye Lorene, hakucheka.

Nikaomba kuiona chupa ya akiba, iliyobaki kwenye sanduku la barafu. Ubavuni mjomba alikuwa ameandika kwa mkono wake: Chini ya bomba. Niliiinua dirishani. Ndani mlikuwa na mchanga mweupe kidogo, na juu ya mchanga alilala mwashi ndani ya nyumba yake. Ubavuni mwa nyumba ile iling'aa chembe ya buluu.

Nilidhani nitanguruma. Sauti ilitoka ndogo.

"Mjomba, huyu anaishi wapi?"

"Kaa chini, Lonnie. Chakula kinapoa."

"Uliniambia hujenga kwa anachokikuta mlangoni. Huu ni mlango wa wapi?"

Chupa ikapita mkono kwa mkono. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Sote tulikulia kwenye yale magofu, mifuko imejaa vigae vya buluu, na sote tulijua yako juu ya bomba, ambako maji ya mgodi hayafiki. Hobart aliitazama sana, kisha akaiweka mbele ya Arvil, taratibu, kama anayemwandalia mgeni.

Mjomba hakukana. "Wamemrudisha Dewey kazini mgodini," alisema. Dewey ni mwanawe. "Ana watoto wadogo, Lorene. Ningefanyaje?"

Mama alimtazama.

"Ndiyo maana siku hizi unakuja kwangu na kahawa yako," alisema.

Bi Pruitt alikunja karatasi yake. Alasiri ile nilishuka naye chini ya bomba, tukajaza chupa nyingine, na zile hazikuhitaji kusomwa na mtu: zilikuwa na rangi ya gauni la Opal.

Maji ya mji yalifika kabla ya theluji. Pasaka iliyofuata mjomba alikuja barazani, safari hii mikono mitupu. Sikumwamkia. Mama aliingia ndani, akafungua bomba jipya la jikoni, akamletea glasi imejaa hadi ukingoni. Alikunywa yote, polepole, bila kuinua macho.

Alipoondoka, mama aliiosha ile glasi, akaifuta, akaiweka kwenye rafu ya juu peke yake, mbali na zetu.