Akala Moja ya Mzee Dida

Kibanda changu cha chai hapa Garsen hakijazoea upweke, na mimi pia sijauzoea. Benchi likibaki na nafasi, roho yangu haitulii. Kwa hiyo yule daktari wa migongo alipokodi chumba cha jirani, ukuta kwa ukuta na jiko langu, nilifurahi kuwashinda wagonjwa wenyewe.

Jina lake Zadock, mtu wa bara, mrefu, viganja vipana kama sinia. Alikuja kutoka Malindi Jumanne moja, akaruka ya pili, akaja ya tatu. Hakuwa na sindano wala vidonge. Alikulaza kifudifudi kwenye kitanda chembamba chenye tundu la uso, akapapasa pingili moja moja mpaka akafika penye maumivu, halafu akabonyeza mara moja, mfupa ukalia, nawe ukashuka kitandani ukijishangaa. Jumwa muuza samaki aliingia amepinda kama ndoana akatoka amenyooka. Kesho yake soko zima lilijua, maana mimi ndiye niliyeliambia.

Wagonjwa walisubiri kwangu. Chai inachemka, mahamri yanatoka, fulani kamwacha fulani, fulani kaonekana Minjila na nani. Raha tupu. Na kwa kuwa wazee wengi wa Kiorma Kiswahili chao ni cha kununulia sukari, Zadock akaniomba mimi, Kadii, niwe mkalimani. Kiorma nimekiokota kwa kununua maziwa miaka ishirini, kinanitosha kugombana na kupatana.

Kila mgonjwa akimaliza kulikuwa na karatasi. Wakubwa wa Zadock kule Malindi walitaka kujua kama watu wanaridhika. Juu iliuliza maumivu yakoje, mguu ukoje, na chini zimechorwa sura tano, ya kwanza inalia, ya mwisho inacheka meno yote nje. Mimi nauliza, mgonjwa anajibu, natia alama.

Mzee Dida aliletwa na mkewe, Qabale, ambaye ndiye muuza maziwa wangu. Mgongo ulimuuma chini kabisa, maumivu yakateremka mguu wa kushoto mpaka kwenye kisigino. Kiangazi kilikuwa kinaingia. Kiangazi, ng'ombe wao hushuka malishoni kule deltani mwa Mto Tana, karibu na Kipini, na Mzee Dida hakuwahi kubaki nyuma tangu ndevu zimwote. Mwaka huu mwanawe Sadik alimwambia akae nyumbani, atawapeleka yeye. Mzee akasema hawezi kuachwa bomani na kuku. Alitaka mguu umfikishe deltani tu, yaliyobaki ni ya Mungu.

Sasa nieleze jambo moja, maana hapo ndipo nilipokosea. Mworma ukikutana naye unauliza nagaa, yaani amani, naye anajibu nagaa. Ng'ombe? Nagaa. Watoto? Nagaa. Hata kama jana simba kachukua mtamba, hata kama anatoka makaburini sasa hivi, amani hutangulia. Habari yenyewe huja baadaye, mtu akishakaa, akishapewa chai, akiulizwa mara ya pili kwa utulivu. Hilo nalijua kama ninavyoujua moto wa jiko langu.

Lakini kule chumbani Mzee Dida alikuwa amesimama, fimbo mkononi, mgonjwa mwingine anakohoa mlangoni, na kibandani maziwa yangu yako jikoni. Nikamuuliza haraka haraka: mgongo nagaa? Nagaa. Mguu nagaa? Nagaa. Umeridhika? Akamtazama Zadock, akaweka mkono kifuani, akasema ameridhika sana. Nikamwambia Zadock mzee anaendelea vizuri, nikatia alama kwenye sura inayocheka. Mara ya kwanza hivyo, ya pili hivyo, ya tatu hivyo.

Mara ya nne, karatasi ikiwa imeshajazwa, Mzee Dida alitoka akakaa kwenye benchi langu. Akanywa kikombe cha kwanza. Nikammiminia cha pili, ndipo nikamuuliza habari. Akaitoa. Alisema asubuhi ile alitoka bomani na akala zake mbili za tairi, akatembea mpaka lami, hapo mwanamke mmoja akamuuliza kiatu kingine kiko wapi. Akatazama chini. Mguu wa kushoto mtupu, umechanwa na miiba, damu imeshakauka, na yeye hana habari.

"Mguu huu umelala, Kadii," akasema. "Nautembeza kama wa mtu mwingine."

Mimi nikacheka. Naandika kama ilivyokuwa. Nikawageukia watu wa benchi nikawaambia jamani, mzee huyu kiatu kimemkimbia, kimechoka kufuata ng'ombe. Benchi zima likaangua kicheko, naye Mzee Dida akatabasamu kwa adabu, akamaliza chai yake. Habari ile nilimpa Jumwa, nikawapa watu wa bodaboda, nikampa hata abiria wa basi la Lamu aliyeshuka kununua maji. Kabla ya magharibi mji ulishampa jina, Mzee Akala Moja.

Zadock alikuwa upande wa pili wa ukuta. Alisikia kicheko, hakujua maana yake, na mimi sikumwambia. Sikumficha. Haikunijia kabisa kwamba ile ilikuwa habari ya kumpa daktari.

Siku tisa baadaye Qabale alikuja asubuhi bila maziwa. Nikamwambia nagaa, akaniambia nagaa. Mume nagaa? Nagaa. Safari hii nilimkalisha, nikampa chai, nikangoja. Akashika kikombe bila kunywa, akasema tangu jana mkojo wa mumewe haujatoka, na miguu yote miwili imekataa kumsimamisha.

Tulitafuta gari, akalazwa nyuma juu ya godoro, akapelekwa hospitali kubwa ya mbali. Wakampasua. Walisema kitu kati ya pingili kilitoka kikabana mishipa ya fahamu, na kilibana siku nyingi mno. Mkojo watamsaidia kwa mpira. Miguu haitarudi.

Jumanne Zadock alipofika, alikuwa ameshasikia. Hakufungua chumba. Alikaa kwenye benchi langu, akaniuliza kwa sauti ya chini mguu ulianza lini kufa ganzi. Nikamweleza habari ya kiatu, yote, mpaka kicheko.

Chai yake ilifanya utando mbele yake.

"Mama, ningelijua siku ile," akasema, "nisingemgusa tena. Ningempeleka hospitali saa hiyo hiyo."

Akatoa karatasi nne kwenye mkoba, akazipanga juu ya meza. Sura nne zinacheka. "Na mimi nilizitazama hizi kuliko nilivyoutazama mguu wake," akasema. Akazikunja, akaondoka. Hajarudi.

Nilichelewa kwenda kumwona Mzee Dida aliporudishwa nyumbani, nasema kweli, miguu yangu ndiyo iliyokuwa mizito. Siku niliyokwenda nilichukua ile akala. Mtu aliiokota kando ya njia, na kwa kuwa mji mzima ulijua ni ya nani kwa mdomo wangu, akaniletea kibandani.

Boma lilikuwa kimya. Ng'ombe walikwisha kwenda na Sadik, samadi imekauka, kuku wanaparua. Alikuwa amelazwa kwenye mkeka, mto mgongoni. Tukasalimiana nagaa zote mpaka zikaisha. Qabale akaleta chai. Nikaweka akala chini, na mzee akaitazama kidogo.

"Ile karatasi ya daktari," akaniuliza, "uliandika nini?"

Nikamwambia nilitia alama kwenye sura inayocheka.

"Basi hukuandika uongo. Tangu mama yangu afe hakuna aliyenishika mgongo taratibu namna ile. Niliridhika."

Nikainama. Akaniacha nilie kwanza, halafu akauliza, "Na habari ya kiatu, ulimwambia nani?"

"Watu wote, Mzee."

"Watu wote." Akatikisa kichwa pole pole. "Ukambakisha yule mmoja."

Nikamwomba msamaha kwa Kiorma changu cha maziwa, maneno yakanipungukia, Qabale akanisaidia mawili matatu huku amegeukia ukuta. Mzee hakusema amenisamehe wala hajanisamehe. Alikunywa chai yake. Alipofika kikombe cha pili akanitazama, akaniuliza habari.

Nilijua anataka ipi. Dereva wa lori la chumvi alikuwa amepita kwangu asubuhi, nilimhoji mpaka akachoka. Nikamwambia Mzee Dida kwamba ng'ombe wake wameonekana wakielekea deltani, Sadik yuko nao, na mbele anatangulia yule jike wa pembe iliyovunjika.

Akafumba macho. Akauliza walipita njia ipi. Akauliza wamelala wapi, maji waliyapata wapi, ndama mweupe yuko nyuma au katikati. Aliuliza kituo kwa kituo, kama mtu anayetembea. Nilichokijua nikamjibu. Nisichokijua nikasema sijui, Mzee, nitauliza.