Besi Asiyekosa Mazoezi

Jumanne saa sita na robo mchana Edson alikuwa ndani ya gari, kwenye maegesho ya nyumba ya wazee anakofanya kazi kule Saint Louis Park, chapati mkono mmoja na simu mkono wa pili. Hiyo ilikuwa kliniki ya nne aliyoipigia. Daktari aliyemtibu tangu chuoni alisema homoni za kiume hakuzisomea. Wa pili alitaka kwanza barua ya mtaalamu wa akili. Wa tatu aliwaendeleza walioanzishiwa dawa kwingine, yeye mwenyewe haanzishi mtu. Dada wa mapokezi wa hii ya nne alimwita "mama" mara tatu, kisha akamwandika kwenye foleni: miezi minane. Edson akashukuru, akamalizia chapati, akarudi ndani kuwageuza wazee vitandani.

Jioni ile sauti yake ikamtangulia nyumbani. Mdogo wake, Tulia, anayeishi naye kitongoji cha Crystal, alikuwa akimpaka mwanawe mafuta aliposikia besi ikiimba bafuni. Akauliza ni nani. Sauti ikajibu kwamba ni ya kaka yake, ile atakayokuwa nayo akishapata dawa, na kwamba imechoka kusubiri. Tulia akauliza kama inakula, maana wali uliobaki ulikuwa mchache. Haili.

"Basi karibu," Tulia akasema. "Ila usiniamshie mtoto."

Edson aliporudi, wakasalimiana. Akapata wazo: kwa kuwa kila akifungua mdomo anaitwa mama, kesho sauti ndiyo ipige simu, iulize kama kuna nafasi ya mapema. Sauti ikapiga, ikajieleza kwa adabu. Dada wa mapokezi akasikiliza mpaka mwisho, akasema foleni ile ni ya wanaoanza, na bwana huyu ni dhahiri alishaanza kitambo. Akamfuta.

Alhamisi sauti ikaomba kupelekwa mazoezi ya kwaya. Edson aliimba sauti ya pili kwa miaka sita katika kwaya ya kanisa lao la Waswahili, mpaka alipowaambia wazee wa kanisa kwamba yeye ni mwanaume na jina lake ni Edson. Jina hawakulitamka hata siku moja. Wakamweka pembeni atafakari. Sasa akaifikisha sauti mlangoni, akarudi garini, akawasha hita, theluji ikafunika kioo. Huko ndani mwalimu wa kwaya, Ambakisye, alikuwa amebakiwa na besi wawili, mmoja ana kikohozi. Akaipa sauti kiti, akatundika sare mpya kwenye mgongo wa kiti, akaiuliza jina, akaandika kwenye daftari la mahudhurio: Edson. Majira yote ya baridi haikukosa hata mara moja. Godlisten, yule wa kikohozi, alipenda kusema Ndugu Edson ndiye besi pekee asiyembana kwenye mstari.

Kazini, Reine, Mkongomani wanayepokezana naye zamu, alimkuta Edson akilia kwenye chumba cha mashuka. Akamwacha amalize, ndipo akamwambia, "Ndugu yangu, wacha kutafuta docteur mukubwa. Tafuta wa familia, wa kila siku. Na ukipiga, swali la kwanza ni hili: hapo kuna anayeanzisha mtu, na barua munataka ao hamutaki?"

Edson akapiga kwa sauti yake mwenyewe, akauliza hivyo hivyo, kliniki kumi na moja. Ya kumi na moja, Oakdale, wakamwambia yupo, na barua hawataki. Wiki tatu baadaye alikaa mbele ya Margaret, nesi mwenye kibali cha kuandika dawa. Margaret akamweleza vitakavyobadilika, na kipi kati ya hivyo hakitarudi kilivyokuwa hata akiacha dawa. Akamtoa damu ya kupima, akampa karatasi ya kusaini. Sauti, alisema, itachukua miezi kadhaa. Edson akamjulisha kwamba yake ipo, ila Alhamisi huwa kwenye kwaya. Margaret akaandika hilo kwenye faili.

Sindano zikaanza. Ilipofika Julai koo lilikwaruza wiki mbili, na asubuhi moja bafuni kukawa kimya. Sauti ilikuwa imeingia mahali pake.

Alhamisi hiyo Edson hakubaki garini. Aliingia, akapita safu ya wanawake waliomjua, akasimama mbele ya kiti chenye sare.

"Mwalimu, shikamoo. Nimekuja kukaa kwenye kiti changu."

"Marahaba. Kiti kina mwenyewe," Mwalimu Ambakisye akasema. "Cha Ndugu Edson."

"Edson ndiye mimi."

Besi wote wakageuka. Walikuwa wameisikia sauti ile tangu theluji. Mwalimu akafunga macho kidogo, kama anayetafuta noti, akaitikia kwa kichwa.

"Sauti ni yake kabisa," akasema kwa upole. "Lakini wewe, binti yangu, tunakufahamu."

Akafungua daftari, na mbele ya jina la Edson akaandika, kwa mara ya kwanza: hayupo. Kwa kuwa hakuwahi kukosa, akapendekeza wamwombee kabla ya kuanza, popote alipo, arudi salama. Wakasimama, wakainamisha vichwa. Godlisten aliomba muda mrefu, akataja hatari za barabarani.

Edson, naye amesimama, akaitikia amina. Wengi walisema baadaye kwamba hawakuwahi kusikia amina nzito vile.