Honi ya Lori

"Utavunjika shingo, wifi. Madereva wamekuona!" alifoka mke wa kaka yangu, baiskeli yake ikiwa mbele.

Nilikuwa nimegeuka nyuma kwa mara ya ishirini tangu tutoke nyumbani. Kuanzia kesho yeye angebadilishiwa zamu, nami ningeendesha baiskeli peke yangu hadi kiwanda cha nguo, la sivyo kazi ingeniponyoka.

"Nitajuaje kama wameniona? Kwetu dereva akikuona anapiga honi."

"Huku ukipigiwa honi, ujue umetukanwa."

Hilo ndilo lililonitia kiwewe. Magari yalinipita kimya yakinyata kama paka, nami nikakaza mikono kwenye usukani hadi vidole vikafa ganzi.

Kwenye makutano nilisahau kunyoosha mkono, nikakata kona hivihivi. Lori la nyuma likafunga breki na kupiga honi ndefu, ya hasira. Wifi alipiga yowe, akashuka kwenye baiskeli.

Mimi mabega yalilegea. Kwa mara ya kwanza tangu nihamie nchi hii, nilikuwa na hakika kwamba dereva ameniona.

"Kesho nitaweza," nikamwambia.

Lori likaenda zake, kimya kikarudi, nami nikageuka nyuma tena.