Joho la Naibu

Siku chache kabla ya Bunge jipya kufunguliwa, fundi cherehani wa Bunge alimwita Naibu kwenye chumba chake cha ghorofa ya chini, akamvisha joho jeusi ambalo bado lilikuwa na nyuzi nyeupe za kushikizia.

"Nyoosha mikono, Mheshimiwa," alisema, akiwa amebana pini midomoni. "Hilo la mzee aliyeondoka lilikuwa hema. Hili nimelikata lako wewe, hata mtu akitaka kuliazima atashindwa."

Walicheka wote wawili. Hakuna aliyeona ajabu kwamba joho la Spika linapimwa kabla Spika hajachaguliwa. Naibu alikuwa naibu spika kwa muda mrefu kiasi kwamba watu walikuwa karibu kulisahau jina lake. Spika aliyekuwepo aliugua figo, akawa anakuja kufungua kikao na kuondoka, na kazi yote ikabaki mikononi mwa huyu mama. Mzee alipotangaza kustaafu, kikao cha wabunge wa chama kilisema wazi, tena kwa makofi, kwamba kiti ni cha Naibu. Chama chao kilikuwa na karibu viti vyote. Kilichobaki kilikuwa kutimiza taratibu tu.

Ndiyo maana alimwambia mdogo wake amlete mama. Mama yao alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Alichokiona ni mwanga na vivuli. Lakini alisema, "Nitakwenda. Kama sioni, nitasikia." Akashonewa gauni jipya, akaletwa mjini, akafikia nyumbani kwa huyo mwanawe wa kiume.

Jioni ya kuamkia ufunguzi, mnadhimu wa chama aligonga mlango wa ofisi ya Naibu. Huyu ndiye aliyekuwa na kazi ya kuwapanga wabunge wa chama, nani aseme nini na nani anyamaze. Hakukaa. Alisimama nyuma ya kiti cha wageni, akakishika mgongo kama mtu anayetaka kukisukuma.

"Dada, wakubwa wamekaa," alisema. "Wanaomba uwaachie hiki kiti safari hii."

"Niwaachie nani?"

Akamtaja waziri mmoja wa zamani, bwana mwenye kicheko kitamu, aliyetolewa kwenye wizara yake ili mtu mwingine apate pa kukaa. Bungeni alijulikana kwa kusinzia.

"Amenuna," mnadhimu aliendelea. "Mtu mzito kama yule akinuna huku nje, anazaa maneno. Imeonekana apewe kiti, atulie."

"Kwa hiyo kiti cha Spika siku hizi ni cha kubembelezea watu?"

"Usiniulize mimi. Mimi ni tarumbeta tu, wanaopuliza wako kwingine."

Naibu alimtazama, kisha akazifunga kalamu zake vifuniko, moja baada ya nyingine.

"Kawaambie sijiondoi," alisema. "Kanuni zinasema mbunge yeyote anaweza kupendekezwa ukumbini, mradi mwenzake asimame alitaje jina lake. Nitapendekezwa. Wakinishinda kwa kura, wamenishinda."

"Nani atasimama?"

Naibu aliivuta simu yake karibu. Mnadhimu aliondoka bila kufunga mlango.

Aliyekuwa akimfikiria ni somo wake. Walianza kuitana somo walipoingia Bungeni mara ya kwanza, wanawake wawili wageni, wakapanga nyumba moja ili kupunguza upweke. Naibu alipofanyiwa upasuaji wa tumbo, somo alilala kwenye kiti cha hospitali mpaka miguu ikamvimba. Mume wa somo alipofariki, ni Naibu aliyewaosha watoto na kuwavisha siku ya mazishi. Alipompigia simu jioni ile na kumweleza, somo alivuta pumzi, akasema, "Wana wazimu hawa. Nitasimama mimi. Hata nikibaki peke yangu ukumbini, nitasimama."

Asubuhi somo alikuja mapema, akamkuta Naibu mbele ya kioo anahangaika na kilemba. Akamfunga yeye. Akakivuta pembeni, akakilaza vizuri, akarudi nyuma kidogo kumwangalia.

"Umependeza, somo," alisema.

Kengele ililia. Wabunge wakaingia na suti zao mpya, wengine bado wanauliza wakae wapi. Wapinzani wachache waliokuwepo walikuwa wamesusia ufunguzi, na viti vyao vilikuwa vitupu. Kwa kuwa Spika hakuwepo, Katibu wa Bunge ndiye aliyeongoza kikao: kwanza apatikane Spika, aape, kisha wabunge wengine waitwe mmoja mmoja waape mbele yake. Juu, kwenye jukwaa la wageni, Naibu alimwona mama yake amekaa wima kama mwanafunzi, na mdogo wake pembeni akimnong'oneza kila kinachotokea.

Katibu alisoma utaratibu, halafu akasema, "Sasa napokea majina."

Mnadhimu alisimama, akalitaja jina la waziri wa zamani. Kishindo cha makofi.

"Kuna jina lingine?"

Naibu hakugeuka. Somo alikuwa amekaa safu ya nyuma yake, na ilitosha kusikiliza. Akasikia zipu ya mkoba ikifunguliwa. Akasikia karatasi za peremende, funguo, vitu vikipekuliwa.

"Nauliza tena. Kuna jina lingine?" Katibu alirudia taratibu, macho yake yakitembea safu hadi safu. Yeye pia alikuwa akingoja kitu. Ukumbi mzima ulikuwa unakingoja.

Hapo Naibu aligeuka. Somo alikuwa ameinama, kichwa karibu kiingie kwenye mkoba, anatafuta miwani. Miwani ilikuwa kwenye paji la uso wake.

"Kwa kuwa hakuna jina lingine," alisema Katibu, "namtangaza Mheshimiwa kuwa amechaguliwa bila kupingwa."

Meza zilipigwa. Naibu naye aliinua mkono, akaupiga mezani, kwa kuwa kamera zilikuwa zinamwangalia yeye kuliko yule aliyechaguliwa. Kisha likaja ambalo hakulitarajia. Kulikuwa na desturi ya zamani kwamba Spika mpya hujifanya hataki, na wabunge wawili humkokota mpaka kwenye kiti. Katibu alifungua karatasi aliyoletewa, akamtaja mbunge mmoja kijana, halafu akamtaja Naibu kwa jina lake kamili, jina la baba na la babu, sauti ikivuma kwenye vipaza sauti vya ukutani.

Makofi safari hii yalikuwa makubwa zaidi. Yalikuwa ya aibu, ya watu wanaotaka jambo lipite. Na juu ya makofi hayo, kutoka jukwaa la wageni, kikapaa kigelegele kimoja kirefu, chembamba, cha mwanamke mzee aliyesikia jina la mwanawe. Wageni hawaruhusiwi kutoa sauti. Mpambe wa Bunge, mlinzi wa utaratibu ukumbini, aliinua kichwa kutazama juu. Wabunge wengine wakacheka, wakidhani ni furaha ya mpiga kura wa bwana mkubwa.

Naibu alisimama. Miguu ilimpeleka yenyewe. Mlangoni bwana alikuwa ameshavishwa joho, na hapo ndipo watu wote walipoona. Usiku mmoja haukumtosha fundi kushona jingine. Mikono ya joho iliishia katikati ya kigasha, mabega yamebana, na mbele halikukutana, tumbo limelizuia. Alikuwa kama mtu aliyevaa nguo za mkewe kwa haraka moto ulipozuka.

Naibu alimshika mkono wa kushoto.

"Nivute kidogo, dada," bwana alinong'ona huku akitabasamu. "Watu wanaangalia."

"Wewe huhitaji kuvutwa," alisema.

Wakatembea. Bwana alijifanya anarudi nyuma, anakataa, anatikisa kichwa, na wabunge walicheka na kushangilia. Naibu alimfikisha, akamwachia mkono, akarudi kwenye kiti chake. Siwa, rungu la mamlaka ya Bunge, ikalazwa mezani. Bwana akaapa.

Bunge lilipoahirishwa kwa mapumziko, aliwakuta mama na mdogo wake kwenye korido, karibu na dirisha. Mama alikuwa amenyoosha mikono yote miwili kuelekea kelele za watu, akimtafuta.

"Mwanangu! Njoo nikushike. Umesikia nilivyokupigia?"

"Nimesikia, mama."

Mdogo wake alimkonyeza kwa nguvu, akamvuta pembeni. "Mwache afurahi, dada," alinong'ona. "Nimeshamwambia umekalishwa kwenye kiti. Nani atakuja kumwambia tofauti? Kule kwetu atakaa na furaha yake."

"Mnanong'onezana nini?" mama aliuliza. "Halafu nyie niambieni. Mbona kiapo kilikuwa na sauti ya mwanamume?"

"Vipaza sauti vyao vibovu, mama," alidakia mdogo wake. "Vinakwaruza."

"Vipaza sauti vikwaruze mpaka vimpe mwanangu ndevu?"

Naibu alimshika mama yake mikono. Ilikuwa mikavu na moto. Alifikiri kwamba angeweza kunyamaza, na kwamba ukimya huo ungemgharimu kidogo kuliko yote ya siku ile. Lakini asubuhi nzima alikuwa amenyamaziwa, na ladha yake bado ilikuwa mdomoni.

"Mama, hawakunichagua. Wamemchagua mwingine. Mimi nimeitwa kumsindikiza tu mpaka kwenye kiti."

Watu walipita na vikombe vya chai, wakipunguza sauti walipofika karibu yao, na kuziongeza walipokwisha kupita.

"Na yule rafiki yako? Si ulisema atasimama?"

"Hakusimama."

"Alikuwa mgonjwa?"

"Hapana, mama. Mzima."

Mama alizitoa mikono yake taratibu, akajipangusa nazo usoni.

"Sasa mimi," alisema, "kigelegele changu nimempigia nani?"

Mdogo wake alitazama dirishani. Naibu akamwambia ampeleke mama nyumbani akapumzike.

Somo alimkuta kwenye choo cha wanawake, ananawa uso. Somo mwenyewe alikuwa na macho mekundu. Akafunga mlango kwa mgongo wake.

"Somo, nisikilize kabla hujanihukumu. Mnadhimu alikuja kwangu jana, alipotoka kwako. Ningesimama tungezama wote wawili. Sasa angalau mmoja wetu yuko juu, tutasaidiana."

"Juu wapi?"

Somo aliangalia sakafu. "Wamenipa unaibu."

Maji yalikuwa bado yanatiririka. Naibu aliyafunga.

"Kwa hiyo uliniambia utasimama, mnadhimu akaja baadaye. Hilo naweza kulielewa, mtu huogopa. Lakini asubuhi umekuja nyumbani kwangu. Umenifunga kilemba. Ulikuwa unajua."

"Nilitaka kukwambia. Kila nikifungua mdomo..."

"Ulifungua mdomo, somo. Ulisema nimependeza."

Somo alianza kulia kwa sauti. Hapo zamani Naibu angemshika. Alingoja mpaka mwenzake alipoondoka mlangoni kwenda kuchukua karatasi ya kujipangusa, akapita.

Mchana wabunge waliitwa kuapa. Naibu alijua vizuri kwamba asiyeapa si mbunge, na kwamba angeweza kuinuka, kutembea mpaka mlangoni na kuwaachia Bunge lao. Alilifikiria hilo muda wote majina yalipokuwa yakisomwa. Akafikiria pia wenye nchi yao kule jimboni, waliosimama juani kumpigia kura bila kujua lolote la akina tarumbeta. Na kwa ukweli, aliogopa. Hakuijua kazi nyingine tena. Alipoitwa alikwenda, akainua mkono, akaapa.

"Karibu sana Bungeni," Spika mpya alimwambia, kama alivyomwambia kila mtu, na kumpa mkono uliotoka nje ya joho mpaka kwenye kiwiko.

"Ahsante, Mheshimiwa Spika."

Jambo la mwisho la siku lilikuwa kumchagua naibu spika. Jina lililetwa moja tu, la somo. Spika akauliza wanaoafiki waseme ndiyo. Ukumbi ukavuma. Akauliza wasioafiki waseme siyo, akiwa tayari ameshafumbua mdomo kutangaza matokeo.

"Siyo," alisema Naibu.

Hakupiga kelele. Lakini ilisikika, sauti ile ile iliyouongoza ukumbi huo miaka nenda rudi. Vicheko vichache vikaanza na kufa. Somo, aliyekuwa ameitwa mbele, aliinamisha uso. Spika alisitasita, akamtazama Katibu, halafu akasema, "Nadhani waliosema ndiyo wameshinda," na nyundo ikagonga.

Jioni alikwenda kwa mdogo wake. Mama alikuwa kwenye kochi, gauni jipya limeshavuliwa na kukunjwa mapajani, redio imewashwa karibu na sikio lake. Mtangazaji alikuwa akisema Bunge limefunguliwa kwa utulivu mkubwa, na kwamba Spika na naibu wake wamechaguliwa kwa kauli moja.

Mdogo wake aliunyoosha mkono kuizima.

"Acha," alisema mama. Akamgeukia Naibu, macho yake meupe yakikosea kidogo mahali alipokaa. "Kauli moja. Yako ilikuwa wapi?"

"Nilisema siyo, mama."

"Mbona huyu haisemi?"

"Haiandikwi. Wakiwa wengi wamesema ndiyo, ya mmoja haiandikwi."

Mama alisikiliza mpaka habari zilipokwisha na muziki wa matangazo ukaanza. Kisha akaomba apelekwe akalale. Naibu alipotaka kumshika mkono, akasema asijisumbue, mwanawe wa kiume atampeleka, yeye leo amekwisha kusindikiza watu vya kutosha.